Harusi ya Katuni

Jumamosi hiyo, saa sita kasorobo mchana, Khavere alikuwa amesimama nyuma ya kanisa la mabati la mtaa wa Lucky Summer, amevaa gauni jeupe alilolishona mwenyewe kwa mapazia mawili ya Gikomba, na mwana wa mfalme alikuwa hajafika.

"Ryan haji," Jacky alimwambia.

Jacky alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza. Katika filamu yao yeye ndiye aliyekuwa mchawi, na tayari alikuwa amejipaka masizi chini ya macho na kuvaa koti la mvua lililogeuzwa ndani nje.

"Haji namna gani?"

"Amepata kibarua kiwandani. Amesema nikuambie pole. Akitoroka leo, Jumatatu wanachukua mwingine. Utamlaumu?"

"Simlaumu. Lakini mimi nitaolewa na nani?"

Jacky alimtazama kuanzia shela hadi viatu, kisha akageuza macho polepole kuelekea mbele ya kanisa, ambako Bedan Ng'ang'a alikuwa amepiga goti akipangusa lenzi ya kamera kwa ncha ya shati lake.

"Kha," alisema, "wewe unajua na mimi najua."

Khavere akajifanya kunyoosha pindo la gauni ambalo halikuwa na mkunjo wowote.

Mambo yote yalianzia mtaa wa Huruma, katika chumba cha video cha Mzee Burale. Burale alikuwa na televisheni moja, mabenchi sita na kanda ya katuni ambayo watoto wa mtaa walikuwa wameihifadhi neno kwa neno. Ilikuwa hadithi ya binti asiye na jina. Mchawi alikuwa amemwibia jina lake angali mchanga, akalifungia ndani ya kengele ya kanisa, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumwita. Mwokaji mikate mzee ndiye aliyemlea. Mwana wa mfalme akampenda, lakini sheria ya nchi ilimkataza mtu kuoa asiyemjua jina. Mwishowe kijana akasimama mlangoni pa kanisa, akasema atamwoa hivyo hivyo, na kengele ikalia yenyewe, na jina likarudi. Kanda ilikuwa imechezwa mno hata uso wa mwana wa mfalme ukawa unatetemeka kama maji, lakini kengele ilipolia, watu wazima nao walikuwa wakijipangusa macho na kusingizia vumbi.

Jumapili moja alasiri Khavere alikwenda pale kupima madirisha. Alikuwa fundi wa kushona, mwenye cherehani yake katika soko la Gikomba kando ya wauza mapazia ya mitumba, na Burale alitaka mapazia mazito ya kuzuia mwanga. Katuni ilipokwisha, kijana mmoja mrefu aliyekaa benchi la nyuma akainuka. Watu walimjua. Ndiye aliyepiga video za harusi kuanzia Huruma hadi Baba Dogo.

"Hii hadithi tunaweza kuifanya sisi," alisema Bedan. "Kwa watu wa kweli. Kwa Kiswahili."

Watu wakacheka.

"Na farasi je?" mmoja akauliza.

"Kuna punda wa wauza maji."

"Na jumba la mfalme?"

"Kuna lile ghorofa lisiloisha kujengwa. Nikilipiga kutoka chini litaonekana refu kuliko la mfalme yeyote."

Burale akadakia kwamba hata Wazungu wenyewe wameanza kuzirudia katuni zao kwa waigizaji wenye damu na nyama, amesoma gazetini. Hapo vicheko vikapungua.

"Na binti utamtoa wapi?"

Bedan hakuangaza huku na huku kama mtu anayetafuta. "Yule anayepima dirisha," alisema.

Jumamosi tano zilikuwa zimepita tangu siku hiyo. Katika Jumamosi zote tano Bedan alikuwa nyuma ya kamera, jicho moja limefumbwa, na Khavere alikuwa mbele yake. Inua kichwa kidogo. Hapo hapo. Usinitazame mimi, tazama nyuma yangu. Kila alipoambiwa asimtazame, alihisi shingo ikimwasha kwa hamu ya kumtazama. Na Bedan hakuwahi kumgusa hata mara moja. Shela ikienda upande, alimwita Jacky aiweke sawa.

Lakini alikuwa akija Gikomba. Mara ya kwanza alileta shati lenye kifungo kilichong'oka. Wiki iliyofuata akaleta shati lile lile, kifungo kingine. Mara ya tatu Khavere alilishika shati kwenye mwanga akalikagua.

"Bedan, hiki kifungo hakikung'oka. Kimekatwa kwa wembe."

Bedan alitazama marobota ya nguo kana kwamba jibu lilikuwa limefungwa ndani yake. "Wembe wa nyumbani kwetu hauna adabu," alisema.

"Na mama yako anajua unakuja Gikomba kila wiki na shati moja?"

"Mama anajua jina lako. Bado hajazoea kulitamka. Anauliza kwani wasichana wa kwetu Murang'a wameisha."

"Na wewe unamjibu nini?"

"Namwambia sijaenda kuwahesabu."

Khavere alikata uzi kwa meno ili asicheke. "Kwetu hakuna afadhali. Baba anasema mpiga picha ni mtu anayekula harusi za wenzake."

"Anajua kuhusu filamu?"

"Anajua nashona nguo za filamu."

Huo ulikuwa ukweli, ila ulikuwa nusu yake. Baba yake, Mzee Mulama, alikuwa mzee wa kanisa na mfanyakazi wa kiwanda cha misumari huko Baba Dogo kwa miaka kumi na minane. Khavere hakuwa amemwambia kwamba nguo hizo anazishona kisha anazivaa. Kila Jumamosi alijiambia atamweleza Jumapili, na kila Jumapili mzee alikuwa na furaha ya ibada ambayo hakutaka kuiharibu.

Sasa Bedan alikuwa amepata habari za Ryan. Alisimama katikati ya uwanja wa kanisa, mkono mmoja kichwani, na watu wake wote walikuwa wamemzunguka: Jacky, Mzee Burale aliyevaa aproni ya mwokaji mikate, wanakwaya waliokubali kuwa wageni wa harusi, na mwenye punda. Mchungaji alikuwa amewapa uwanja hadi saa nane tu. Betri ya kamera ilikuwa moja, na ilidumu chini ya saa moja.

"Tuahirishe," alisema Bedan.

"Hadi lini?" Burale akauliza. "Wiki ijayo kuna mazishi hapa, na wiki nyingine kuna semina ya akina mama. Kijana, vaa wewe mavazi ya Ryan."

"Mimi ni mpiga picha."

"Wewe ndiye uliyeyaandika hayo maneno. Nani mwingine anayajua?"

"Na kamera itashikwa na nani?"

Jacky alikuwa tayari ameinyoosha mikono yake. "Lete. Wiki tano nimekuona ukifinya kidude kimoja chekundu. Kuna kingine unachotuficha?"

Wanakwaya wakapiga makofi. Bedan aligeuka kumtafuta Khavere, na kwa mara ya kwanza mahali pa kupigia filamu hakukuwa na kioo kati ya macho yake na ya Khavere. Khavere aliona kwamba macho ya kijana yana rangi ya kahawia zaidi kuliko alivyodhani, na kwamba yanaogopa.

"Wewe unasemaje?" alimwuliza.

"Koti la Ryan ni kubwa kwako," Khavere akajibu. "Njoo nilipunguze."

Walikwenda nyuma ya kanisa. Lilikuwa koti la bluu la mitumba, la mlinzi wa mlango wa hoteli fulani huko Ulaya, na Khavere alikuwa ameongeza utepe wa dhahabu mabegani. Alimgeuza Bedan, akaanza kulikaza mgongoni kwa pini. Pini nyingine alizibana kwa midomo. Kupitia kitambaa alihisi moyo wa kijana ukipiga mbavuni kama mtu anayegonga mlango wa nyumba anayoijua.

"Sasa huwezi kunijibu," Bedan alisema, akiutazama ukuta wa mabati.

"Mmh."

"Nilimwandikia Ryan maneno mazuri kwa sababu nilijua si mimi nitakayeyasema."

"Mmh."

"Ningejua, ningeandika mafupi."

Kicheko kikamponyoka Khavere na pini mbili zikaanguka. Alizitoa zilizobaki mdomoni akazichomeka kwenye mkono wa gauni.

"Wiki nzima umekuwa ukimfundisha Ryan hayo maneno," alisema. "Ulikuwa ukiyasema vizuri kuliko yeye."

"Nilikuwa namwambia Ryan."

"Ulikuwa ukimtazama Ryan?"

Bedan alikuwa amegeuka, na mikono ya Khavere iliyokuwa mgongoni mwake ikajikuta kifuani. Hakuna aliyesogea. Upande wa pili wa ukuta mwenye punda alikuwa akibishana na wanakwaya kuhusu ni nani atakayempanda mnyama wake, na kwa muda ambao Khavere hakuweza kuupima baadaye, hakuyasikia maneno yao hata moja.

"Khavere, nina jambo la kukuambia ambalo halimo kwenye filamu."

"Niambie."

"Bedan!" Jacky aliita. "Jua linahama!"

"Baadaye," Bedan akasema.

"Baadaye," Khavere alikubali, akatoka kwenda kusimama langoni.

Kufikia saa saba watu walikuwa wamejaa hadi barabarani. Harusi ikionekana Lucky Summer, hata ya filamu, watu hawapiti. Watoto walikuwa wakisahihisha kila kitu: kwenye katuni farasi ni mweupe, kwenye katuni kuna njiwa, kwenye katuni mwokaji mikate ana kipara. Burale alivua kofia akawaonyesha kipara chake, wakatosheka.

Miongoni mwa waliopita alikuwamo Mama Nabiswa, jirani yao wa mlango kwa mlango, aliyekuwa akirudi nyumbani na kikapu cha sukumawiki. Alimwona Khavere ndani ya shela, akamwona kijana wa Kikuyu mwenye utepe wa dhahabu, akauona mlango wa kanisa uko wazi. Kamera hakuishangaa, maana harusi gani siku hizi haina kamera. Hakuuliza mtu. Aliweka kikapu chake kwa muuza mkaa, akakaza leso kiunoni, akaelekea Baba Dogo kwa mwendo ambao hakuwa ameutumia tangu ujana wake.

Haya yalijulikana baadaye. Wakati huo Khavere alikuwa akiingia langoni, mkono wake ndani ya mkono wa Mzee Burale, na wanakwaya wakiimba.

Mara ya kwanza Bedan alifungua mdomo, akamtazama, na maneno yote yakamtoka kichwani.

"Rudieni," alisema Jacky kutoka nyuma ya kamera, kwa sauti ya bosi.

Mara ya pili punda alilia katikati ya sentensi, uwanja mzima ukaangua kicheko, na Khavere mwenyewe akacheka hadi akalazimika kuishikilia shela.

"Betri inapepesa taa," Jacky alisema. "Hii ndiyo ya mwisho. Msiniangushe, jameni."

Wakarudi langoni. Wakaanza tena. Safari hii Bedan hakusubiri wafike mahali palipochorwa kwa chaki. Alishuka ngazi mbili za kanisa, akaja hadi karibu, na aliposema, sauti yake haikuwa ile aliyomfundishia Ryan. Ilikuwa ya chini, ya mtu anayezungumza na mtu mmoja.

"Sijui jina lako," alisema. "Sijui ulikotoka, wala sijui babako ni nani. Lakini nitakuoa hivyo hivyo."

Khavere alisahau kwamba zamu ya kusema ilikuwa yake.

"Babake ni mimi."

Sauti hiyo ilitoka langoni. Watu wakagawanyika katikati, na hapo akasimama Mzee Mulama katika ovaroli yake ya kazi, mkebe wa chakula mkononi, jasho likimtiririka. Nyuma yake Mama Nabiswa alikuwa ameinama akitafuta pumzi.

"Baba," Khavere alisema.

Mulama alikuwa akimtazama Bedan. "Umesema hujui babake ni nani. Sasa umemjua. Endelea."

"Mzee, hii ni filamu," Bedan alisema. "Si harusi ya kweli. Tunairudia katuni moja ya..."

"Naona kanisa. Naona gauni. Naona binti yangu." Alimgeukia Burale. "Na huyu ni nani aliyemshika mkono? Nani amempa ruhusa ya kuwa babake?"

Burale aliuachia ule mkono haraka. "Mimi ni mwokaji mikate tu, mzee mwenzangu."

Kuna aliyecheka, akanyamazishwa. Khavere alihisi uso ukimwaka chini ya shela. Aliifunua.

"Baba, ni kweli ni filamu. Nilikuambia nashona nguo. Sikukuambia kwamba mimi ndiye ninayezivaa. Kosa hilo ni langu, si la mtu mwingine."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utakataa."

"Ningekataa."

"Ndiyo maana."

Mzee alipumua kwa nguvu. Alikuwa amekimbia kutoka lango la kiwanda hadi pale, mtu wa miaka hamsini na mitatu, akiamini kwamba mtoto wake wa kwanza ameolewa kama mtu asiye na kwao. Hasira ilikuwa bado usoni, lakini Khavere, aliyemjua, aliona kilichokuwa chini yake. Mzee alikuwa ameumia.

"Basi nimesikia," Mulama alisema. "Ni mchezo. Vua hilo gauni twende nyumbani. Na wewe kijana, michezo yako tafuta wa kucheza naye kwenu."

Hapo ndipo mambo yangeweza kuishia. Bedan angesema ndiyo, mzee, ni mchezo, samahani, na kila mtu angekwenda zake. Khavere alimtazama. Alijua kwamba Bedan akisema hivyo, hata kama ni kwa heshima, hata kama ni kwa kumkinga, yeye hataweza tena kukishona kifungo chake hata kimoja.

"Si mchezo, mzee," alisema Bedan.

"Umesema ni filamu."

"Maneno ni ya filamu. Lakini niliyaandika nikimfikiria yeye. Jina lake nalijua. Ni Khavere. Najua anakata uzi kwa meno na mkasi uko mezani. Najua anaamka saa kumi na moja alfajiri ili amtekee mama yake maji. Na wewe nakujua, mzee. Kila Jumamosi Khavere hunihimiza tumalize kabla hujatoka kazini, kwa sababu hataki ufike nyumbani ukute hayupo. Nilitaka kumwambia leo tukimaliza. Sikutaka kumwambia mbele ya watu wote hawa, lakini umeniuliza."

"Sijakuuliza."

"Umesema ni mchezo. Sikuweza kukubali."

Khavere alihisi furaha ikimpanda kutoka nyayoni, kubwa mno, isiyo na adabu, mbele ya babake na kwaya na punda.

Mulama alimgeukia. "Na wewe?"

"Mimi pia, baba."

"Wewe pia nini?"

"Mimi pia si mchezo."

Mzee alisogea, akautua mkebe wake kwenye ngazi. Alijipangusa paji la uso kwa kiganja, akainamisha kichwa kama mtu anayesali, na huenda alikuwa akisali.

"Wewe ni mtoto wa nani?" aliuliza hatimaye.

"Wa Ndung'u, fundi seremala wa Gikomba. Mama yangu ni Mirriam."

"Wanajua?"

"Baba anajua na hana neno. Mama ana maneno. Nitazungumza naye."

"Mama akiwa na maneno hayaishi kwa siku moja."

"Nina subira, mzee. Wiki tano nimemtazama kwa jicho moja."

Vicheko vilipita kwa wanakwaya. Mulama hakucheka. "Wewe Mkikuyu, yeye Mluhya," alisema. "Mkipata watoto watazungumza nini?"

"Watazungumza vyote, mzee."

"Vyote ni maneno ya harusini. Mimi nauliza jambo dogo. Kwetu mtoto akimwita babu yake husema kuka. Kwenu husemaje?"

Bedan alisita, kana kwamba aliogopa jibu litaonekana la kutungwa. "Guka," alisema.

"Nini?"

"Guka, mzee."

Mulama alilitafuna neno hilo kimya. Midomo yake ilisogea: kuka, guka. Mama Nabiswa, aliyekuwa amepata pumzi zake, alisema kwa sauti kwamba mtoto asiye na meno hata hataonyesha tofauti, na hapo uwanja mzima ukacheka, na pembe moja ya mdomo wa mzee ikainuka kabla hajaiwahi.

"Jameni," Jacky alisema, akiwa bado na jicho kwenye kamera. "Taa sasa haipepesi, imekuwa nyekundu kabisa. Tunamaliza au hatumalizi?"

Khavere alisogea hadi kwa babake. Akafanya jambo ambalo hakulipanga. Aliunyoosha mkono wake, ule uliokuwa umeshikwa na Burale.

"Baba, kama ni kushikwa mkono, nishike wewe."

"Na hizi nguo za grisi?"

"Kwenye filamu babake hakuwapo. Sasa yupo."

Mulama aliutazama mkono huo. Kisha akajifunga kifungo cha juu cha ovaroli, akajipangusa viganja kwenye mapaja mara mbili, akauingiza mkono wa bintiye ndani ya wake. Wanakwaya wakaanza tena wimbo wao bila kuambiwa. Wakarudi langoni, kisha wakatembea, fundi wa misumari na binti asiye na jina, hadi kwenye ngazi, na wanawake waliokuja kutazama tu wakapiga vigelegele vya kweli.

Bedan alikuwa amesimama ngazi ya chini. Kama ilivyokuwa kwenye katuni, akaunyoosha mkono wake kumpokea bibi harusi.

Mzee alisimama. Hakuuachia mkono wa Khavere. Aliukaza zaidi.

"Hapana," alisema, bila ukali wowote. "Hadi hapa nimewasindikiza. Lakini mkono wa mtoto wangu haukabidhiwi kwa ajili ya picha. Ukiutaka, njoo na wazee wako nyumbani, Jumapili baada ya ibada. Uketi. Uulizwe. Mama yako naye aje na maneno yake, mke wangu anayo ya kumjibu."

"Jumapili hii?" Bedan akauliza.

"Jumapili ijayo. Hii bado nimekasirika."

"Nitakuja, mzee."

"Na kamera uiache nyumbani."

Kitu kililia tiki ndani ya kamera. Jacky aliishusha begani. "Imezimika," alisema. "Lakini yote nimeyapata. Tangu mzee aliposema yeye ndiye babake, sijatoa kidole kwenye kidude."

Watoto walikuwa wakinung'unika kwamba kwenye katuni wanaoana, na kwamba kengele haikulia. Burale aliwaambia wanyamaze, hii ni ya watu wa kweli.

Khavere na Bedan walibaki wakitazamana juu ya bega la mzee. Hawakuwa wamegusana, isipokuwa ule wakati wa pini. Bedan alisogeza midomo bila sauti, neno moja tu, na lilikuwa jina lake. Khavere alilipokea kama maji baridi saa ya jua kali.

"Twende," Mulama alisema, akiuokota mkebe wake.

Walitoka langoni na kushika barabara ya Baba Dogo, gauni likifagia vumbi, watu wakitoka kwenye vibanda kuwatazama. Mzee alisalimia kila mtu kana kwamba ni kawaida yake kutoka kazini na bibi harusi. Mama Nabiswa aliwatangulia ili afike kwa mama kabla ya habari, ingawa habari ilikuwa ni yeye.

Walipofika kwenye kona, ambapo kanisa lingepotea machoni, Khavere alianza kugeuza shingo.

"Usigeuke," babake alimwambia.

"Kwa nini, baba?"

"Mwache ateseke kidogo. Mimi mama yako alinitesa mwaka mzima, na ndiyo maana hadi leo namheshimu."

Khavere alitembea hatua tatu kama alivyoambiwa. Alihesabu ya nne. Kisha akaikusanya shela kwa mkono mmoja, akageuka, akamkuta Bedan katikati ya barabara akiwa na koti lake la bluu, utepe wa dhahabu ukimetameta mabegani, akimtazama kwa macho yote mawili.